Gunia namba 16

Mama mdogo wangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Siyo wale wa kupimwa kwa kisado. Yeye ni wa magunia, na wateja wake wengi hawauoni mzigo mpaka uwafikie. Wanapiga simu kutoka Kahama, kutoka Tabora, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, na wote wana swali moja: mama, leo una nini? Naye anafungua daftari na kuwasomea. Hawa wa kichanja, wasafi. Hawa wa mchangani, bei yao nyingine. Hawa wametoka Ukara jana, wale Goziba. Hajamaliza kumsomea huyu, simu nyingine inaita, anaanza upya.

Mimi nina meza na kompyuta kwenye steshenari moja ya Mabatini. Mchana nachapa barua, natoa kopi, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Usiku natengeneza kurasa za wavuti, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa bando la usiku na laptop ya mtumba ambayo herufi E yake haikubali mpaka uigandamize kwa kucha. Anayeandika JavaScript, lugha inayoendesha kurasa hizo, atanionea huruma: amri moja tu, getElementsByClassName, ina E tano.

Basi nikamwambia mama mdogo, nitakutengenezea ukurasa, uache kusoma daftari kwenye simu kama mtangazaji wa redio. Akacheka, akakubali, akanipa na dagaa kisado kimoja cha kuanzia kazi.

Ukurasa wenyewe ulikuwa mwepesi. Jedwali moja, kila gunia na mstari wake: namba, walikotoka, walivyokaushwa, bei. Pembeni ya kila mstari kuna kitufe. Gunia likipata mtu, mama mdogo anakibonyeza na mstari unageuka kijivu. Jioni anabonyeza kitufe kikubwa cha chini kilichoandikwa "Futa yaliyouzwa", mistari yote ya kijivu inaondoka, na kilichobaki mezani kinatumwa kwenye seva ili wateja wakione. Upande wa wateja sikuweka rangi yoyote. Niliona haina haja, maana kilichouzwa si kitakuwa kimeshafutwa?

Mstari wa kijivu ulikuwa na klasi iitwayo limeuzwa. Klasi ni lebo tu unayoibandika kwenye elementi, yaani kipande chochote cha ukurasa, ili baadaye uweze kuziita zote kwa mkupuo. Na hivi ndivyo nilivyoziita:

var yaliyouzwa = document.getElementsByClassName('limeuzwa');
for (var i = 0; i < yaliyouzwa.length; i++) {
  yaliyouzwa[i].remove();
}

Ukiisoma haina kosa. Chukua yaliyouzwa yote, anza na la kwanza, nenda mpaka la mwisho, ondoa moja moja. Nilijaribu kwa magunia 12 yote ya kijivu. Nikabonyeza. Yakaondoka 6.

Nikabonyeza tena, yakabaki 3. Nikabonyeza tena, likabaki moja, gunia namba 8, limekaa peke yake katikati ya jedwali kama abiria aliyeachwa na meli. Nikabonyeza mara ya nne, likaondoka.

Hapa naomba nikiri jambo la aibu. Ilikuwa saa nane usiku, bando lilikuwa limebaki kidogo, na kesho yake nilikuwa nimeahidi kukabidhi. Sikutafuta chanzo. Asubuhi nilimwambia mama mdogo kwa sauti ya mtaalamu: "Ukitaka kufuta, bonyeza mara nne." Hakuuliza kwa nini. Watu wa umri wake wanaamini kompyuta ina mila zake.

Ikaenda vizuri wiki nzima, kwa sababu mzigo wake wa siku ulikuwa ni magunia kumi na kitu. Likaja giza. Msomaji wa mbali na ziwa aelewe: dagaa wanafuata mwanga wa taa, kwa hiyo wanavuliwa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazina nguvu, mitumbwi inapumzika. Giza likirudi, ziwa zima linawaka taa na mzigo unamiminika mwaloni. Siku hiyo mama mdogo aliingiza magunia 20 na akayauza yote. Jioni akabonyeza mara nne kama nilivyomfundisha. Ishirini yakawa 10, yakawa 5, yakawa 2, likawa moja. Gunia namba 16, wa kichanja, wa Ukara, likabaki limeng'ang'ania kwenye ukurasa usiku kucha.

Mteja wa Kahama aliliona saa nne usiku. Hakupiga simu, si tuliwaambia wasipige tena, kila kitu kiko kwenye ukurasa? Akatuma hela. Mama mdogo akaamka na hela ya gunia ambalo wakati huo lilikuwa kwenye lori la mtu mwingine. Akairudisha na gharama ya kutuma akailipa mwenyewe, kisha akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, hiki kitu chako kinanifanya niwe muongo."

Alikata hapo.

Usiku ule sikulala mpaka nimejua. Ndani ya lupu, ile for inayozunguka, nikaweka kistari cha kunichapishia idadi kila mzunguko, console.log(yaliyouzwa.length), nikarudisha magunia 12 ya majaribio na kubonyeza mara moja. Konsoli, yaani ubao wa ujumbe wa kivinjari, ikaniandikia: 12, 11, 10, 9, 8, 7. Halafu kimya.

Nilikodoa macho kwenye zile namba muda mrefu. Mimi sikuwa nimegusa ile orodha! Niliijaza mara moja tu juu ya lupu na sikuiandika tena. Nilichokuwa nafuta ni mistari ya jedwali, siyo vitu vya kwenye orodha. Sasa nani alikuwa anaipunguza?

Jibu ni kwamba ile haikuwa orodha kwa maana niliyoizoea. Kitu unachopewa na getElementsByClassName kinaitwa HTMLCollection, na kiko hai. Hakihifadhi elementi zilizokuwepo ulipouliza. Ni kama dirisha linalotazama ukurasa. Kila ukikiuliza, kinakupa hali ya sasa hivi. Ukiondoa mstari kwenye ukurasa, na kwenyewe umetoka papo hapo. Tena si lazima uuondoe: ukiubandua lebo ya limeuzwa tu, mstari wenyewe ukaendelea kukaa kwenye jedwali, kwenye ule mkusanyiko haupo tena.

Siku mbili baadaye nilipokwenda mwaloni kuomba radhi, mama mdogo aliniuliza kosa lilikuwa nini. Nikamwambia afikirie benchi la zahanati. Watu wamekaa, wa mbele akiingia kwa daktari wote wanasogea nafasi moja. Sasa nesi wetu haiti majina, anaita nafasi. Anaita nafasi ya kwanza: mtu anaingia, benchi linasogea. Anaita nafasi ya pili. Lakini aliyekuwa wa pili ameshasogea wa kwanza, kwa hiyo anayeinuka ni aliyekuwa wa tatu. Benchi linasogea tena. Anaita nafasi ya tatu, anainuka aliyekuwa wa tano. Nesi anafika nafasi ambayo haina mtu, anafunga daftari na kutangaza wagonjwa wameisha, na nusu ya watu bado wamekaa wanamtazama.

Alikuwa anafunga mdomo wa gunia kwa sindano na kamba ya katani, hakuinua uso. "Sasa si angeanzia na wa nyuma?"

Nilitaka kumwambia habari za Array.from na mambo mengine niliyosoma usiku kucha. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa sahihi kabisa. Ukiita wa mwisho, akiinuka hakuna wa kusogea:

for (var i = yaliyouzwa.length - 1; i >= 0; i--) {
  yaliyouzwa[i].remove();
}

Hiyo ni dawa ya zamani na inafanya kazi mpaka leo. Ipo nyingine inayotumia ule uhai wenyewe kwa faida: maadamu benchi lina mtu, ita nafasi ya kwanza, basi. Unaandika while (yaliyouzwa.length > 0) yaliyouzwa[0].remove(), na lupu inajimaliza yenyewe. Mimi hiyo ya pili siipendi. Siku ukibadilisha kilicho ndani ya lupu, ukasahau kuondoa, kompyuta itaita nafasi ya kwanza mpaka betri iishe.

Na kuganda nimeshakuonja. Kabla sijaelewa jambo hili nilitaka chini ya kila gunia uwepo mstari mdogo wa maelezo, nikachukua mistari yote kwa getElementsByTagName('tr'), maana tr ndilo jina la mstari wa jedwali, nikaizungukia, na chini ya kila mmoja nikaingiza tr mpya. Ile mpya nayo ni tr. Inaingia kwenye mkusanyiko palepale, tena mbele ya lupu kabisa, nayo inadai mstari wake wa maelezo, ambao nao unadai wake. Feni ya laptop ilipiga kelele mpaka mwenye steshenari akaja kuangalia kama ni mashine ya kopi. Nilidhani ni virusi. Nikachomoa betri.

Tiba ninayoitumia siku hizi ni kuomba picha badala ya dirisha. querySelectorAll('.limeuzwa') inakupa kitu kingine, NodeList, nacho ni tuli: kimenasa elementi zilizokuwepo wakati wa kuuliza, na hata ukurasa ukibomolewa chenyewe hakipungui. Halafu kina forEach yake, amri ya kupitia kimoja kimoja:

document.querySelectorAll('.limeuzwa').forEach(function (mstari) {
  mstari.remove();
});

Bonyezo moja, magunia yote. Na E ni tatu badala ya tano, kucha yangu ikashukuru.

HTMLCollection yenyewe haina forEach. Nilijaribu, kivinjari kikanijibu kwa wino mwekundu kwamba hiyo si fanksheni. Inafanana na arei, ina length, inakubali mabano ya mraba, kumbe si arei, ile orodha ya kawaida ya JavaScript. Ukitaka uhuru wote wa arei, kuchuja kwa filter, kubadili kwa map, unainakili kwanza: Array.from(yaliyouzwa), au kwa kifupi [...yaliyouzwa]. Vyote viwili vilikuja na toleo la lugha la mwaka 2015. Ukishanakili, nakala yako ni tuli hata kama chanzo ni hai. Kuhusu forEach ya NodeList kuna la kuangalia pia, maana Chrome na Firefox ziliipata mwaka 2016 tu. Mama mdogo ana simu mpya, ila wateja wake wana simu za kila umri, kwa hiyo upande wa wateja niliacha lupu ya kizamani ya namba. Haina urembo lakini haichagui simu.

Kwa nini kuwe na vitu viwili vinavyofanana sura na kutofautiana tabia? Ni umri tu. Brendan Eich alipoitengeneza JavaScript pale Netscape, kampuni ya kivinjari, mwaka 1995, vivinjari vya mwanzo vilikuwa na vifungu vichache tayari, kama document.forms na document.links, ambavyo ungeweza kuvihesabu kwa namba. Mwaka 1998 W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipotoa DOM ya kwanza rasmi, yaani kanuni za jinsi msimbo unavyougusa ukurasa, ndipo majina NodeList na HTMLCollection yakaandikwa, na uhai ukawa ndiyo kawaida. querySelectorAll ilikuja miaka mingi baadaye, watu wakiwa wameshaumia, ikachagua utuli. Katikati hapo, mwaka 2006, John Resig alitoa jQuery, maktaba ya JavaScript, na kazi yangu yote hii kwake ingekuwa $('.limeuzwa').remove(). Waandishi wa kanuni za DOM wenyewe leo wanaiita HTMLCollection masalia ya historia ambayo wavuti haiwezi kuyaondoa. Nilifarijika kusoma hivyo. Nilidhani ni mimi tu.

Mtego ni kwamba jina halikuambii kama kitu ni hai. NodeList ya querySelectorAll ni tuli, lakini NodeList ya childNodes ni hai. Na childNodes ina uchafu wake mwingine. Nilimwomba tbody wangu, yaani mwili wa jedwali, wa magunia 12 anipe watoto wake, vilivyomo ndani yake, akanipa 25. Nikahesabu jedwali kwa kidole: 12. Zile 13 zilikuwa nafasi tupu, ile mistari mipya ninayoweka kwenye HTML, maandishi yanayojenga ukurasa, ili isomeke, ambayo kivinjari kinaihesabu kuwa nodi za maandishi: moja kabla ya mstari wa kwanza, moja baada ya kila mstari. Kwa mtu wa mwaloni hiyo haina haja ya maelezo. Hao ni dagaa wa mchangani. Unanunua gunia, unalipia na mchanga. Ukitaka wa kichanja unatumia children, ambayo inakupa elementi tupu. Nayo, ndiyo, ni hai.

Baada ya hapo nikawa mshabiki wa querySelectorAll. Nikabadilisha kila kitu. Na kwa wiki moja nilijiona nimemaliza, mpaka mama mdogo alipopiga simu saa sita mchana.

"Mtumbwi umeingia sasa hivi, nimeongeza magunia manne. Nikibonyeza kitufe hayageuki kijivu."

Ya asubuhi yalikuwa yanageuka. Manne mapya, hapana.

Safari hii nilijua pa kutazama. Ukurasa ulipofunguka asubuhi, msimbo wangu ulikusanya vitufe vyote kwa querySelectorAll na kumpa kila kimoja msikilizaji wa mguso. Ile ilikuwa picha ya asubuhi. Magunia ya saa sita hayakuwepo kwenye picha, kwa hiyo vitufe vyao havikupewa mtu wa kuvisikiliza. Ni daftari la mama mdogo lilelile: ameandika saa kumi na mbili, mtumbwi wa saa sita haumo, na gunia lililoondoka saa tatu bado limo. Nilikuwa nimeponya ugonjwa wa dirisha kwa kuleta ugonjwa wa picha.

Na usidhani orodha hai ingenisaidia hapa. Ingeviona vitufe vipya, sawa, lakini kuviona siyo kuviwekea msikilizaji. Lupu ilishapita asubuhi.

Kilichofaa ni kuacha kukusanya kabisa. Ukibonyeza kitu kwenye ukurasa, habari ya mguso huo haikomei kwenye kitufe; inapanda kwa mzazi, kwa babu, mpaka juu. Kwa hiyo badala ya kumwekea kila gunia mlinzi wake, unaweka mlinzi mmoja mlangoni:

document.querySelector('tbody').addEventListener('click', function (tukio) {
  var kitufe = tukio.target.closest('button');
  if (!kitufe) return;
  kitufe.closest('tr').classList.add('limeuzwa');
});

Mguso unapofika kwa tbody, msimbo unauliza umetokea kitufe gani, kisha kwa closest unapanda mpaka kwenye mstari wake na kuubandika lebo. Gunia liwe la asubuhi au limeshuka mtumbwini dakika hii, wote wanapita mlango huohuo. Ile if ya katikati usiiache. Mimi niliiacha, na kila mama mdogo alipogusa bei kwa bahati mbaya hitilafu ilijaa konsoli, ingawa yeye hakuona kitu.

Niliurekebisha palepale kwa laptop nikiwa nimekaa juu ya kreti tupu la soda, korongo wawili wananitazama kama vile nami ni mzigo unaokauka. Bando lilikuwa la kwake. Nikapakia, nikamwambia afungue upya ukurasa, akabonyeza manne mapya, yakageuka kijivu yote. Hakusema kitu. Akamwita kuli aje ayabebe.

Jioni nilikaa makusudi nione anavyofuta. Nilikuwa nimeshamwambia mara mbili kwamba sasa bonyezo moja linatosha. Akavaa miwani, akashika simu kwa mkono wa kushoto, akabonyeza "Futa yaliyouzwa". Jedwali likawa jeupe. Akabonyeza tena. Na tena. Na tena. Akanitazama, akaongeza la tano.

"Hiyo ya mwisho," akasema, "ni ya lile la Kahama."